Fibrinojeni ya Mtani

1

Alhamisi ni siku ya kumkamua Bosko Tawete. Neno "kukamua" si langu, ni la wafuaji wenyewe, na nilipohamia Mafinga kutoka Bukoba nililipiga marufuku kituoni kwa kuona linawadhalilisha. Walinicheka mpaka nikaona haya. Sasa mwaka wa tatu huu, na mimi nasema hivyo hivyo, hata kwenye ripoti ninazopeleka wilayani.

Mfuaji ni mtu ambaye mwili wake umefundishwa. Anachomwa sindano moja, ini linapokea somo, na kuanzia wiki ya pili linafua protini moja ya utegili, yale majimaji ya damu yanayobeba chembe, mara tatu ya kawaida, huku zile nyingine likizitengeneza kama zamani. Mji wetu una wafuaji wanne. Wawili ni wa albumini, ile inayoyashika maji ndani ya mishipa yasivujie nje na kumvimbisha mtu miguu. Wa tatu ni mwalimu wa kwaya, yeye anafua globulini za kinga, zile zinazowatambua wadudu wa maradhi na kuwakamata. Kwake halikufundishwa ini, zilifundishwa chembe nyeupe, na anajivuna nalo sana jambo hilo.

Wa nne ndiye Bosko, mkulima wa viazi, mfuaji wa fibrinojeni. Mtu akikatwa, fibrinojeni inageuka nyuzi, nyuzi zinafuma wavu, wavu unanasa chembe za damu na jeraha linazibika. Bila hiyo ungejikwaruza kwa mbuzi ya kukunia nazi asubuhi na jioni bado unavuja. Lakini ikizidi nayo ni balaa, kwa maana damu inaweza kuganda mahali isipotakiwa. Ndiyo maana Bosko hakosi Alhamisi. Akikosa mbili mfululizo, naenda kumfuata shambani mwenyewe.

Basi Alhamisi hiyo alikuwa kitini, mrija mkononi, mashine ikizungusha damu yake, ikimrudishia chembe nyekundu na kubakiza utegili mfukoni, wa manjano kama mafuta ya alizeti. Saa tatu asubuhi mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Desderia Kikoti, koti la kiwanda chake cha mbao begani na maranda bado yamemnasa kwenye nywele. Alikuwa na upasuaji siku iliyofuata, wa kuondoa uvimbe kwenye figo, na alikuja kujibu maswali.

"Kamwene," akanisalimu. Kisha akamwona aliyekuwa kitini, na uso wote ukamchangamka. "Ala! Dunia imekwisha! Mwizi wa ng'ombe leo anakamuliwa yeye!"

"Karibu, mama," Bosko akajibu bila kufumbua macho. "Nilisikia unakuja, ndiyo maana mbwa wangu nimemfungia ndani."

Bosko ni Mngoni, Mama Desderia ni Mhehe. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka mikuki, wajukuu wakaendeleza vita kwa midomo. Sisi tuliotoka mbali tukisikia matusi yao mara ya kwanza tunatafuta polisi.

"Mama Desderia Kikoti, naomba radhi kwa kuwakatiza," ikasema sauti ukutani. Ilikuwa ya Karani, mashine yetu ya kupokea ridhaa, yenye Kiswahili cha adabu kuliko cha mtu yeyote Mafinga. "Kesho huenda ukahitaji protini za utegili. Sheria inataka umjue mfuaji na umkubali. Je, unakubali albumini?"

Ikataja majina. Mama Desderia akakubali. Ikauliza globulini za mwalimu wa kwaya, akakubali, akaongeza kwamba asije tu akaamka anaimba.

"Je, unakubali fibrinojeni ya mfuaji Bosko Tawete?"

Bosko akafumbua jicho moja.

"Ya nani?"

"Ya Bosko Tawete."

"Uji wa Mngoni uingie kwenye mishipa yangu mimi?" Mama Desderia akaweka mikono kiunoni. "Wee Karani, andika vizuri. Bora nife! Bora nife nikiwa Mhehe mzima kuliko kupona nikiwa nusu Mngoni, naamka kitandani naanza kutafuta zizi la watu!"

"Na mimi sikupi!" Bosko akafoka, akicheka mpaka sindano ikatikisika mkononi. "Protini zangu zimelelewa kwa heshima. Haziingii nyumba yoyote tu."

Nilicheka mbavu zikaniuma. Nilicheka mpaka nikamshika Bosko mkono ili asije akang'oa mrija, na machozi yakinitoka. Ukutani taa ya Karani ikawaka kijani, na sauti ikasema: "Nimeandika. Asante." Hakuna hata mmoja wetu aliyeisikiliza.

2

Kesho yake saa nne asubuhi, Daktari Mbilinyi aliniita kutoka chumba cha upasuaji. Ni mtu wa utulivu, hupasua huku akipiga mluzi. Safari hii hakukuwa na mluzi.

"Koku, nataka fibrinojeni. Mifuko yote miwili."

"Naleta, daktari. Imekuwaje?"

"Uvimbe umetoka, lakini ulikuwa umeshika mshipa mkubwa. Amevuja sana. Nimempa mifuko sita ya chembe nyekundu, nimempa na albumini, shinikizo la damu limetulia. Ila haigandi. Inatoka kama maji ya bomba."

Nikaangalia kipimo kwenye skrini. Mtu mzima huwa na fibrinojeni gramu mbili hadi nne kwa lita moja ya utegili. Mama Desderia alikuwa na sifuri nukta tisa. Nilielewa mara moja. Alichomwaga kilikuwa damu kamili, alichorudishiwa kilikuwa chembe na maji. Chembe zinabeba hewa, albumini inashika maji, lakini hakuna kati yao inayojua kufuma wavu.

Nikakimbilia friji. Nikaweka kidole. Taa nyekundu.

"Naomba radhi, Dada Koku," akasema Karani. "Mifuko hii imefungwa kwa mgonjwa huyu. Alikataa."

"Alikataa lini?"

"Jana, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Maneno yake ni 'bora nife'. Aliyasema mara mbili."

Nikaweka kidole tena.

"Alikuwa anatania!"

"Sina kumbukumbu ya kicheko."

"Huna kwa sababu nilikuambia ufute vicheko!"

"Ndiyo. Na ulinieleza sababu."

Nilimweleza, kweli. Karani alinunuliwa akiwa hajui kitu. Aliyemfundisha jinsi watu wanavyokataa ni mimi. Nilimfundisha hapana, sitaki, Mungu hapendi, nitaongea na wenzangu kwanza, na ule ukimya wa mtu mwenye aibu. Kisha nikamwambia atupe kelele zote, milango, kikohozi na vicheko. Hasa vicheko.

Baba yangu mkubwa, Ta Rwegasira, yaani Mzee Rwegasira kwa Kihaya, alikuwa amelazwa hospitali ya kwetu Kagera kabla sheria hii ya ridhaa haijaja. Aliwaambia, niacheni niende. Wauguzi wakacheka kwa upendo, wakasema wazee ndivyo walivyo, kila mtu anajua hamaanishi. Wakamfunga kwenye mashine. Aliishi miezi kumi na minne asiyoitaka, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza ni nani aliyecheka siku ile. Sheria ya Neno la Mgonjwa ilipokuwa inajadiliwa, nilikwenda Dodoma kwa basi nikatoa ushahidi. Nilitaka neno la mtu likishasemwa lisiguswe na yeyote, hata mwenye nia njema. Nilipigiwa makofi.

"Na ndege-mizigo ya kutuletea mifuko kutoka Iringa?" nikauliza.

"Ukungu umetanda. Haitaruka kabla ya saa saba mchana."

Sauti ya Daktari Mbilinyi ikarudi, imepanda. "Koku, unafanya nini huko? Huyu mama hana saa tatu za kusubiri. Ana dakika arobaini, tena nakadiria kwa ukarimu."

Nikamweleza. Nikasikia vyuma vikigongana kwenye sinia.

"Si kuna ufunguo wa tafsiri? Utumie!"

Upo. Mtumishi aliyekuwepo wakati mgonjwa akisema anaweza kutamka kwamba maneno yalikuwa na maana nyingine. Anatamka kwa jina lake na leseni yake. Mgonjwa akizinduka anaulizwa. Akisema tafsiri haikuwa sahihi, mtumishi hagusi tena mgonjwa maishani mwake, na mahakama inamsubiri. Tangu sheria ipite, wilaya yetu haijawahi kuutumia. Masharti hayo makali nilikuwa mmoja wa walioyadai.

"Fungua, Koku," daktari akasema. "Mimi ni Mbena, najua watani. Kila mtu anajua hakumaanisha."

Angesema neno lingine lolote ningefungua palepale. Alisema lile lile walilosema wauguzi wa Ta Rwegasira, na mkono wangu ukakataa kwenda.

3

Nilitoka mbio hadi ukumbi wa kusubiria. Bosko alikuwa hapo tangu asubuhi, mfuko wa viazi katikati ya miguu. Alikuwa ameniambia amekuja kuhakikisha kwamba Mhehe amekufa kweli, asije akadanganywa. Aliponiona nilivyo akasimama.

"Vipi, mwanangu?"

Nilimwambia kwa sentensi tatu. Ucheshi wote ukamtoka usoni, nikamwona ghafla ni mzee wa miaka sitini na kitu.

"Nipe mimi karatasi," akasema. "Nitie sahihi. Ini ni langu, utegili ni wangu."

"Ukishatoka mwilini mwako si wako tena, baba. Na neno lililofunga friji ni lake. Nataka kukuuliza kitu, na usinitanie. Mna ugomvi?"

Akakaa tena, taratibu.

"Tulikuwa nao," akasema. "Mumewe alipofariki, mwaka juzi, mimi nilikuwa Songea. Mtani kukosa msibani unajua ni nini? Ndiye wa kuwachekesha wafiwa, ndiye wa kujilaza njiani jeneza lisipite mpaka wampe kuku. Mimi sikuwepo. Nikaenda baada ya wiki, nikamkuta. Akanikaribisha vizuri. Akanipa chai. Akaniambia asante kwa kuja, baba, Mungu akubariki." Akafuta kipaji cha uso. "Miezi minne, mwanangu! Miezi minne ananiita baba, ananiuliza hali ya mashamba, ananisindikiza mpaka barabarani. Nilikonda. Mke wangu alidhani nimepata sukari."

"Ikaishaje?"

"Siku moja napita kiwandani kwake, nikasikia kutoka juu ya magogo: Funga milango, mwizi wa ng'ombe anapita! Nilisimama pale barabarani nikalia kama mtoto. Amenisamehe." Akaniangalia. "Kwa hiyo, binti yangu, angesema jana 'asante, ndugu Tawete, sihitaji', mimi mwenyewe ningekwambia usifungue. Hilo ndilo lingekuwa hapana."

Nilitaka kukimbia nirudi. Lakini nilijilazimisha kuuliza swali la mwisho, kwa sababu Ta Rwegasira alistahili niulize.

"Unaweza kuniapia kwamba hakumaanisha?"

Bosko akafikiri. Nampenda mzee huyu kwa sababu alifikiri, na dakika zinakwenda.

"Hapana," akasema. "Kilichomo moyoni mwa mtu siwezi kukuapia. Najua tu lugha anayosema nami."

Nikarudi mbele ya friji. Kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka sifuri nukta saba. Zilibaki dakika ishirini na kitu.

"Karani, ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Sijui, Dada Koku. Mimi sikuwepo wakati wa kicheko. Wewe ulikuwepo."

Alisema kwa adabu yake ile ile, na nilimchukia kwa sababu alikuwa mkweli. Nikawaza leseni yangu, miaka saba ya kusoma. Nikawaza mama yangu Bukoba anavyowaambia majirani kwamba binti yake anawarudishia watu damu. Nikamwaza Mama Desderia jana, mikono kiunoni, maranda kichwani. Nilikuwa nimecheka naye. Wauguzi wa Kagera walimcheka mzee wangu. Yeye hakucheka, alikuwa amelala anaangalia dari. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo, na Karani hakuwa nayo popote katika kumbukumbu zake. Ilikuwa kichwani mwangu tu. Kama ningenyamaza, ingepotea, na mama yule angepotea nayo, na mimi ningekuwa sina kosa hata moja.

Nikapiga moyo konde.

"Mimi, Kokushubila Rugaimukamu, fundi wa utegili, naomba ufunguo wa tafsiri."

"Nimesikia. Taja maneno unayoyatafsiri."

"'Bora nife.'"

"Taja maana yake."

Hapo nikakwama. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mzaha, lakini mzaha halikuwa neno lenyewe. Mzaha ni kitu kisicho na maana, na haya yalikuwa na maana kuliko maneno yote aliyoyasema siku ile.

"Maana yake," nikasema, "ni kwamba huyu ni mtu wangu."

Taa ya Karani ikapepesa mara kadhaa.

"Nimeandika. Leseni yako imewekwa dhamana."

Friji likafunguka. Nikaichukua mifuko yote miwili, nikaitia kwenye maji ya uvuguvugu, dakika sita zikaonekana mwaka mzima, kisha nikakimbia nayo kupitia ukumbi huku nimeikumbatia kifuani. Bosko alisimama nilipompita. Sikusimama.

Kilichofuata sikukiona, nilikisikia kwenye spika. Daktari Mbilinyi akihesabu. Muuguzi akisema mfuko wa kwanza umekwisha. Kimya. Vyuma. Kimya tena. Kisha daktari akasema, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto: "Inashika. Tazameni, inashika." Na baada ya dakika chache mluzi ukaanza, wa wimbo ambao hata yeye mwenyewe hauwezi.

Nikakaa chini sakafuni nikalia kwa furaha. Bosko akaja akakaa karibu nami, akanipa kiazi.

4

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka, jua linaingia wodini mpaka vitandani. Mama Desderia alikuwa amezinduka, mweupe wa midomo, macho yake yale yale. Bosko alikuwa kando ya kitanda anamenya kiazi kilichochemshwa. Mimi nilisimama mlangoni, kwa sababu swali lilikuwa halijaulizwa.

"Mama Desderia Kikoti," akaanza Karani kutoka ukutani. "Pole kwa maumivu. Jana ulipewa fibrinojeni ya Bosko Tawete, kinyume cha maneno niliyoyaandika. Mtumishi Kokushubila alitamka kwamba maneno yako yalikuwa na maana nyingine. Sheria inakutaka useme kama tafsiri yake ilikuwa sahihi. Jibu lako ndilo la mwisho."

Mama Desderia akamgeukia Bosko. Nikaona tusi linamjia. Nililiona likipanda kutoka tumboni, likipita kifuani, linafika kwenye pembe ya mdomo. Hakuna Mhehe aliye hai anayeweza kulizuia likishafika hapo.

"Mama, tafadhali!" nikapaza sauti. "Leseni yangu!"

Akafunga mdomo. Akaniangalia, akamwangalia Karani, akaelewa.

"Mngoni, toka nje."

"Niende wapi na kiazi mkononi?"

"Nenda kaibe ng'ombe!"

"Je, hilo ndilo jibu lako?" akauliza Karani.

"Siyo jibu!" tukapiga kelele sote watatu.

Bosko akatoka. Mlango ukafungwa. Kupitia kioo chake tuliona mgongo wake tu, amesimama wima kama askari wa zamu.

"Koku, mwanangu. Njoo ukae hapa."

Nikakaa.

"Jana nisingeamka ningelaumiwa mimi mwenyewe, na mdomo wangu. Nashukuru. Lakini sitakudanganya, maana umeweka kazi yako rehani." Akameza mate kwa shida. "Niliposema bora nife nilikuwa namtania yule. Ila kuna kipande kidogo, kama ukucha huu, nilikuwa sitanii. Tangu baba watoto aondoke, nyumba ile ni kubwa mno. Watoto wako mbali. Asubuhi nikiamka, mtu wa kugombana naye hamna, mpaka apite huyu. Nilikuwa nimejiambia, kisu kikiteleza, kiteleze. Sikumwambia yeyote."

Mzee wangu alinijia machoni, na swali lake lile.

"Kwa hiyo nilikosea, mama?"

"Hukukosea. Lakini hukujua pia. Ulibahatisha." Akanishika mkono, wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotarajia. "Ulibahatisha vizuri, nami nimefurahi niko hapa, nimefurahi hasa, jua hili nilikuwa nalitamani. Ila usizoee."

"Sitazoea," nikamwambia, na sikuwahi kuahidi kitu kwa dhati namna ile.

Akageuza uso ukutani.

"Karani! Andika. Tafsiri ni sahihi."

Taa ya Karani ikawaka kijani.

"Na uandike hili tena," akaendelea. "Hapa kwetu, mtu akiulizwa swali la namna ile, aulizwe mara mbili. Mara ya pili, watani wote wawe nje."

"Nimeandika, mama. Nitaomba wilaya ikubali. Kwangu mimi naanza sasa." Taa ikabadilika rangi. "Kipimo chako kimefika moja nukta sita. Daktari anashauri mfuko mmoja zaidi. Friji halina kitu, kwa hiyo itabidi mfuaji akamuliwe leo, nje ya siku yake, kama mwili wake unaruhusu. Mtani yuko nje. Je, unakubali fibrinojeni ya Bosko Tawete?"

Mama Desderia akautazama ule mgongo kwenye kioo. Machozi yakamjaa, yakashuka mpaka masikioni maana alikuwa amelala chali. Hakuyafuta.

"Nakubali," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo nadhani Karani hakuisikia vizuri: "Nataka kuishi."

Mlango ukafunguka kidogo, kichwa kikachungulia. "Jamani, amesemaje?"

Haraka haraka Mama Desderia akajipangusa uso kwa shuka.

"Mwambie nimekataa," akaniambia.

Nikatoka nikaufunga mlango nyuma yangu. Nikamwambia Bosko kwamba unatakiwa mfuko mmoja zaidi, lakini mama amekataa, tena amesema afadhali amwagiwe ndoo nzima ya uji wa kawaida.

Bosko Tawete akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipa kiazi nimshikie, akaanza kukunja mkono wa shati.